Kitabu Kiko Kazini

Bunia, tarehe 9/2/2025

Arlette mutoto yangu,

Nakusalimia na roho yote. Mukono yangu ingali nzito ku kalamu, lakini ona, inaenda. Siye huku tuko. Mvua haijafika, vumbi ya mutaa yetu ya Mbunya inaingia mpaka mu sukari. Kaka yako Josaphat iko ku Nizi na bibi yake Patience, wanatafuta zahabu yao, na mimba ya Patience imefika miezi ine. Omba Mungu, unajua ile ingine ya mwaka jana ilitoka.

Usikasirike juu simu yangu haipatikane. Ilianguka mu beseni ya samaki yenye nauzishaka, ikakufa. Na mimi sisikitike sana. Simu, unasema maneno mbili, reseau inakata, kichwa inabaki imejaa. Karatasi haikatake. Na mwalimu yetu ya kusoma na kuandika ku parokia alisema: «Mama Angèle, usipoandika, ile yote ulijifunza miaka mbili itakukimbia.»

Sasa kolis yako, ule muzigo ulituma. Destin, ule dereva ya njia ya Kisangani, alisimamisha kamyo yake mbele ya parcelle, akapiga honi mpaka kuku wakaruka. Kila kitu ilifika: kitenge, sabuni, na kitabu.

Kitabu, Arlette! Kumbe unajua mama yako. Nilifungua page ya kwanza, nikaona ile muhuri ya zambarau, ya muviringo, ya chuo yenu. Nikasema: hata wakubwa ya chuo wamenikumbuka. Niliifunika na plastiki sawa vile nilifunikaka madaftari yenu. Maneno ni Kifaransa, ni nguvu, lakini picha nazisoma zote. Kuna mutoto mu tumbo, kichwa chini, sawa popo! Mama Rachidi, jirani, alinicheka: «Angèle, unasoma ama unaangalia?» Nikamujibu: «Na weye, redio yako unaelewaka yote? Mbona unaifungulaka kila siku?»

Niliweka kitabu ku kabati, pembeni ya Biblia, na nikafanya nayo ile mama yangu alifanyaka na Biblia yake. Sasa ni ya nyumba.

Unakula? Unalala? Usifiche njaa.

Ni mimi mama yako, Angèle

—

Kisangani, tarehe 2/3/2025

Mama wangu,

Nilisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliisomea Valérie, tunayelala naye chumba kimoja. Alicheka ile ya popo mpaka akashika tumbo. Anakusalimia. Mimi ni mzima, ninakula, usihesabu mifupa yangu kutoka mbali.

Huu ni mwaka wa mwisho wa masomo ya ukunga, Mama, kwa hiyo siku zangu zote ninazimaliza ndani ya maktaba ya kitivo. Ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Unaacha mfuko wako mlangoni, unaonyesha kadi, unaandika jina. Hakuna kupiga kelele; hata kiti unakinyanyua, hukivuti. Mkubwa wake anaitwa Bwana Michée. Nilifikiri kazi yake ni kulinda vitabu. Hapana. Ukimwambia unatafuta nini, anaketi nawe mbele ya mashine na kukufundisha namna ya kuuliza mpaka ipate makala za waganga wa dunia nzima. Juzi alinishika nimeandika swali refu kama barua. Akasema: «Dada, mashine haina adabu. Usiisalimie. Sema kitu unachotaka.» Nikakuwaza wewe.

Nimefurahi kolis imefika. Kuhusu kitabu, Mama, naomba kisitoke nyumbani. Usimwazime mtu, hata padri. Destin akipakia tena kuja huku, umpe anirudishie. Kuna kurasa nilikuwa sijazimaliza. Ni hayo tu, usiwaze mengi.

Msalimie Josaphat, na Patience apumzike.

Mtoto wako, Arlette

—

Bunia, tarehe 30/3/2025

Arlette mutoto yangu,

Amani ikuwe na weye mu ile chumba ya kunyamaza. Mimi singeweza. Siku moja tu, wangenifukuza.

Huku mvua imenyesha na muhogo imeamuka. Samaki ya Kasenyi imekuwa kidogo, lakini nilikuchagulia yenye kukauka muzuri, Destin atakupatia. Kwaya ya wamama ilipata uniforme mupya, rangi ya machungwa, tuko sawa tu karoti mu mistari. Mama Rachidi alitetea mu soko mwanamuke mwenye walimuibia kapu, sasa anatembea sawa komanda. Paa ya jikoni ilivuja, nikaipachika. Mbuzi ilizaa.

Yule Bwana Michée iko na bibi? Wanalipishaka mutu kuingia? Mama sawa mimi, mwenye hana kadi, wangeniacha niangalie tu?

Ulisema juu ya kitabu. Kitabu iko. Iko mahali ya kutulia, mu mikono safi. Destin alikuwa na haraka hii safari, siwezi kumupatia kitu ya bei mu haraka.

Lakini nikuulize, mutu akikupatia zawadi, anaiombaka tena kisha mwezi moja? Na «usiwaze mengi», ile ulikuwa unanisemea tangu mudogo siku ulivunja kitu. Kuna kitu hauniambie. Nimelala juu ya hiyo siku ine.

Mama yako, Angèle

—

Kisangani, tarehe 24/4/2025

Mama,

Samaki ilifika, chumba chote kilinuka nyumbani. Valérie alilia kidogo, akasingizia pilipili. Pasaka tuliimba vizuri.

Umenishika. Umenishika kutoka mbali hivyo.

Kile kitabu si zawadi. Ni cha maktaba. Siku Destin alipopiga honi nilikuwa nafunga kolis mbio, kitabu kilikuwa kitandani chini ya kitenge, nikavikunja pamoja. Nilikuja kujua kesho yake, na kamyo ilikuwa imeshapita Nia-Nia, mbali njiani. Kisha barua yako ikafika, na furaha yote ile, na plastiki, na kabati pembeni ya Biblia. Ningeandika nini? Nilikuwa na haya, Mama. Nilifikiri kitarudi kimya kimya na wewe nitakutafutia kingine.

Sasa lazima uelewe, kwa sababu siku zinakwisha. Hapa, mwanafunzi hawezi kusimama mbele ya walimu kutetea kazi yake ya mwisho bila karatasi ya maktaba inayosema amerudisha vitabu vyote. Tunaiita quitus. Bila hiyo jina lako halisomwi. Zamu yangu ni tarehe 4 mwezi wa saba. Kitabu kilipaswa kurudi Februari. Ningekuwa nimekipoteza, ningeleta kingine kama hicho, lakini nimetafuta, huku hakipatikani. Tangu mwezi uliopita siruhusiwi kuazima kitu, nasomea palepale ndani mpaka wafunge.

Kwa hiyo naomba, bila kuzunguka: mpe Destin kitabu. Kifunge ndani ya nguo, kisha plastiki. Nisamehe kwa kukunyang'anya.

Arlette

—

Bunia, tarehe 15/5/2025

Arlette,

Nakusalimia, lakini leo sina habari ya mbuzi.

Kitabu haiko mu nyumba.

Nitakuambia yote, na usinikatishe. Mwisho ya mwezi ya pili, Patience alikuja ku Bunia kununua vitu ya mutoto. Barua yako ya kusema nisiazime ilikuwa haijafika. Alikaa pale ku kiti ya baba yenu, akaniambia: «Mama, naogopa. Ile ingine nilipoteza bila kujua inaanza wapi.» Nikamushusha kitabu. Nikamufungulia page ile iko na picha ya mwanamuke amevimba uso na mikono, ameshika kichwa, na nyota mbele ya macho. Nikamuambia: «Hii, ukijiona hivi, usingoje asubui. Usingoje Josaphat atoke ku shimo. Panda moto, pikipiki yoyote, kuya hospitali.» Akaniuliza: «Mama, Kifaransa hii uliijulia wapi?» Nikasema nimeona ku picha.

Alishika kitabu, hakuweza kuiacha. Nikasema, kwenda nayo, utarudisha siku ya kuzaa. Nilikata kipande ya kitenge yangu nikaiweka ku ile page.

Kisha njia ya Nizi ikafungwa juu ya usalama. Moto hazipite, simu ya Josaphat inalia tu mara moja na kufa. Kila siku naenda ku kituo ya moto kuuliza. Wale watoto ya moto wananijua sasa, wananiita «Mama Kitabu». Naomba Mungu juu ya Patience, kisha naomba juu ya kitabu, kisha naona haya kuombea kitabu, naanza tena na Patience.

Na ningejua ni ya watu, Arlette, ningeipeleka mimi mwenyewe na miguu. Unaweza kuambia Bwana Michée ile kosa ni yangu? Uniandike mimi mu daftari yake, aache jina yako.

Iko neno ingine moja juu ya kitabu. Hiyo siwezi leo.

Mama yako

—

Kisangani, tarehe 1/6/2025

Mama wangu, usilie tena, soma kwanza.

Barua yako nilikwenda nayo moja kwa moja maktabani. Nilikuwa nimepanga hadithi mbili za uongo, moja ya mwizi na moja ya mvua. Nilipomwona Bwana Michée ameinama anabandika jalada la kitabu kilichochanika, zote mbili zikanitoka kichwani. Nikamweka barua yako mbele yake. Aliisoma yote, kidole kwenye mstari. Akavua miwani.

«Kwa hiyo kiko Nizi.»

«Ndiyo, Bwana.»

«Kwa mwanamke mwenye mimba.»

«Bibi ya kaka yangu.»

Akafungua daftari la madeni. Nikajua jina langu linakwenda kwa mkubwa wa kitivo. Akaandika neno moja, kisha akaligeuzia upande wangu. Mbele ya kitabu changu, pale wanapoandikaka «kimepotea», ameandika: «kazini».

Akasema: «Nina vitabu humu vimeketi miaka ishirini, hakuna aliyeviamsha. Chako kiko kazini. Lakini dada, usinielewe vibaya. Tarehe 4 bila kitabu, siwezi kuweka saini. Sheria haikuandikwa nami.»

Kisha akaniketisha kwenye mashine, tukatafuta pamoja hizo dalili ulizomwonyesha Patience. Mama, kila kitu ulichosema ndicho kilichoandikwa: uvimbe wa uso, kichwa kikali, nyota machoni, na sababu yake, presha ya damu inayopanda. Hata lile la kutongoja asubuhi limo. Tulipata karatasi yenye picha, iliyotengenezwa kwa ajili ya wamama, akanitolea kopi tano bila kuniuliza kadi. Ninazituma. Moja peleka kituo cha afya, moja ubandike mahali unapouzia samaki. Nimempigia Josaphat mara nyingi, simu haipiti.

Bwana Michée aliuliza kitu kimoja: «Mama yako amesoma wapi hata atambue ukurasa ule kati ya kurasa mia tano?» Nikajibu, parokiani, miaka miwili. Hakuridhika. Mimi pia, nikiwaza, sijaridhika.

Neno lingine ni lipi?

Arlette

—

Bunia, tarehe 18/6/2025

Arlette! Arlette!

Wamefika! Leo siandike salamu, salamu iko mu jina yako, niliandika mara mbili.

Ilikuwa tarehe 11. Saa kumi na moja ya asubui, nasikia moto mu parcelle. Ni Josaphat mwenyewe anaendesha, matope mpaka mu meno, na Patience katikati, na nyuma kijana ya kumushikilia asianguke. Nilimuangalia Patience, sikumujua. Uso sawa fufu ya muhogo imevimba. Na mu mikono, mbele ya tumbo, amekumbatia nini? Kitabu! Na plastiki yake!

Josaphat anapumua mbio: «Mama, jana njia ilifunguliwa. Mi nilisema tungoje kichwa ipoe, nikamupatia kidonge. Akanipiga na kitabu, Mama! Akanifungulia page yenye kitenge. Akasema, angalia huyu, kisha niangalie mimi.»

Nikamuambia: «Alikupiga kidogo.»

Tulienda hospitali mbio. Walimupima tension ya damu, munganga alianza tu kukimbia. Walimufanyia operasyo saa tatu. Kisha muuguzi akatoka na kitu mudogo mu kitenge, kilo mbili na kidogo, analia sawa honi ya Destin. Mutoto mwanaume. Wamemuita Vital. Patience alilala siku mbili na dawa, siku ya tatu akaomba chai na mukate, ya ine akaanza kugombana na Josaphat. Amepona. Munganga aliniambia: «Mama, mungechelewa siku moja, nisingekuwa na neno ya kuwaambia.» Nilikaa chini pale mu koridori, uniforme yangu ya karoti na yote, nikacheka mpaka wakaniletea maji.

Vital amelala hapa pembeni naandika. Anafunga ngumi. Sijue anataka kupiga nani.

Sasa ile neno. Siwezi kuituma kitabu bila kukuambia, utaiona weye mwenyewe.

Unajua mama yangu aliandikishaka majina yetu yote mu page ya kwanza ya Biblia yake, siku tulizaliwa. Ile Biblia iliungua mu vita na nyumba. Mimi sikujua kuandika, watoto yangu hamukuwa mahali popote. Siku kitabu ilifika, nikaona ni kubwa, ni ya mambo ya kuzaa, iko na muhuri, na inatoka kwa mutoto yangu. Nikasema: hii ndiyo ile. Nilikaa mu meza siku nzima, na biki, chini ya muhuri. Nikawaandika. Ni mara ya kwanza nilishika kalamu bila mwalimu.

Nilijaribu kufuta na mate, Arlette. Haitoke. Na nitasema yote: wakati Vital alizaliwa niliongeza yeye pia. Nilikuwa nimeshajua ni ya watu. Mukono ilienda yenyewe.

Destin ameweka kitabu chini ya kiti yake, aliapa mbele ya Mama Rachidi. Nisamehe. Wakikukatalia quitus, nitafika kule mwenyewe.

Mama yako, na koko ya mujukuu yangu Vital

—

Kisangani, tarehe 6/7/2025

Koko ya Vital, mama wangu, pongezi! Nilipiga kelele ndani ya chumba mpaka majirani wakaja na ndoo wakifikiri ni moto.

Nakuambia mwisho kwanza, ulale: juzi nilisimama mbele ya walimu watatu. Nimepita. Nimepita vizuri, Mama. Mtoto wako ni mkunga.

Sasa rudi nami nyuma. Destin alifika tarehe 30, amekaa juu ya kitabu njia yote kama kuku. Nilikifungua palepale barabarani. Niliona maandishi yako. Nilikifunga haraka, nikaenda maktabani kama mtu anayekwenda polisi.

Bwana Michée alitoa plastiki polepole. Akafungua. Akasoma kwa sauti ndogo, unajua ni maktaba: «Josaphat, 3/5/1998. Arlette, 20/9/2001. Aimé, 17/8/2004, siku moja. Vital, 11/6/2025, muzima.»

Mimi nikasema: «Bwana, nitanunua popote...» Akainua mkono.

«Huyu Aimé ni nani?»

Mama, niliifuata tarehe ile kwa kidole. Nilikuwa sijatimiza miaka mitatu wakati huo. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulitaja jina hilo. Nikasema: «Sijui. Nadhani ni ndugu yangu.»

Aliangalia ukurasa tena, kisha akageuza mpaka pale penye kitenge chako, kwa yule mwanamke aliyevimba. Akarudi mbele. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata kitabu alichokitafuta siku nyingi. «Sasa nimejua mama yako alisomea wapi,» akasema.

Kwa sheria yao, kitabu kilichoandikwa ndani kwa kalamu kinaingizwa katika daftari la vitabu vilivyoharibika. Alilileta. Lina mstari wa sababu. Akaandika: «Kimeongezwa.» Akaliangalia neno lake, likampendeza. Akanipa saini. Nikamwomba nikate ule ukurasa nikurudishie, akakasirika kwelikweli: «Hapa hatukati ukurasa, dada! Umesoma miaka yote hujajua hilo?» Ndipo akanipigia kopi na kuitia muhuri ule wa zambarau, ya kwako wewe. Imo ndani ya bahasha hii. Kitabu kimerudi kwenye kabati, mstari wa tatu karibu na dirisha.

Sikuulizi kuhusu Aimé. Siku utakayotaka.

Mtoto wako mkunga, Arlette

—

Bunia, tarehe 27/7/2025

Mukunga yangu,

Nimekuita hivyo mu soko nzima, watu wamechoka. Mama Rachidi anasema nikitamka tena neno «mukunga» atahamia Kasenyi. Vital amenenepa, kilo tatu na nusu. Patience anabeba zile karatasi zenye picha mu kanisa, anazigawa sawa diakoni. Njia ya Nizi iko wazi, lakini Josaphat hasemi tena ya kurudi ku shimo, anatafuta moto ya kuendesha hapa.

Kopi niliibandika ndani ya Biblia. Muhuri imetoka wazi.

Ulisema hauniulizi. Basi nakuambia, ni fupi. Uso yangu ilikuwa vile. Mikono vile, kichwa vile, na nyota. Siku tatu wamama wenzangu waliniambia ni malaria, pumzika. Mimi waliniokoa ku hospitali, Aimé hawakumuokoa, alipumua mupaka magaribi. Hakukuwa na mutu mwenye kuwa na ile page. Baba yenu alisema tusimutaje, juu nisilie, na nilimutii, hata kisha yeye mwenyewe kufa. Miaka ishirini sikusema. Nilisema siku niliandika.

Sasa naona nimelala muzuri. Tangu ile kopi ifike nalala mpaka jua inaingia, Patience anakuja kuniamusha akifikiri ni ugonjwa.

Kabla haujapanda kamyo ya kurudi, pita mu ile biblioteki ya Bwana Michée. Onyesha kadi, usivute kiti. Ukifika ku dirisha, fungua page ya kwanza na utusalimie wote kwa sauti ndogo. Anza na Aimé, yeye hakuna mutu amewahi kumusalimia.

Mama yako, Angèle